Bangili ya Mtoto na Kamba ya Mafundo Saba

Hapo zamani, enzi ambazo kila nchi ilikuwa na mlango na kila mlango ulikuwa na bawabu wake, kulikuwa na nchi ikiitwa Uwandani. Kaeni vizuri, maana nchi yenyewe ni kubwa na mimi sirudii.

Uwandani ilikuwa kubwa hata wenyewe hawakuimaliza. Mtu alizaliwa upande wa mawio, akaoa, akazeeka, akazikwa, na upande wa machweo aliujua kwa kusikia tu. Kuivuka kwa miguu ilikuwa kazi ya miezi minne na ndara za akiba.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza hupewa kamba yenye mafundo saba. Kila jua likitua, fundo moja hufunguliwa. Fundo la mwisho likifunguka, mgeni awe amesimama mlangoni, tayari kutoka. Na akija tena siku nyingine, mwisho wake ni hapo hapo mlangoni: atasalimiwa, atapewa uji, atarudi kwao. Msiniulize kwa nini. Ndivyo walivyokuwa.

Tena mgeni hakuachiwa mtu mmoja. Alikabidhiwa waongozaji watatu, kila mmoja na mafundo mawili, na fundo la saba lilikuwa la kurudi. Watu wa Uwandani walijijua. Walisema mgeni akiachwa mikononi mwa mtu mmoja, atazungushwa kwao na kwa shemeji zao, kisha ataambiwa, "Haya, nchi umeiona." Na kati ya hao watatu, yule aliyepewa zawadi na mgeni ndiye aliyetangulia kwa wageni wote waliofuata, mwaka mzima. Kwa hiyo zawadi ile iligombewa, hata kama ni ushanga mmoja.

Basi. Jirani na Uwandani kulikuwa na kinchi kidogo kikiitwa Kitope, ambako jogoo akiwika huku, wa mpakani anamjibu. Huko aliishi Siwema, mwanamke wa makamo, msusi wa mikeka, na mama yake, Bi Mkejina, ajuza ambaye macho yake yalikwisha kufa.

Bi Mkejina hakuzaliwa Kitope. Alizaliwa Uwandani, akatoka huko mwaka wa ukame mkubwa, ana miaka sita, kabebwa mgongoni na wapita njia waliomkuta ameketi kando ya mama yake aliyekwisha kukata roho. Waliombeba nao walikufa kabla hajapata akili ya kuwauliza walimwokota wapi. Kijiji chake hakukijua. Watu wake hakuwajua.

Kitope walimlea, hilo tuwape haki yao. Walimlisha, walimwoza, walimchezea ngoma alipojifungua. Lakini walimwita Mtoto wa Njaa. Walimwita hivyo akiwa na miaka sita, wakamwita hivyo akiwa na wajukuu. "Kwao hakuna maji," walisema, "kwao vumbi tupu." Naye akaamini. Aliwaambia wanawe kwamba nchi yake imekufa, na Siwema alikua akimwonea mama yake huruma.

Na kulikuwa na jambo lililomtisha. Kitope mtu akizikwa, huitwa mara tatu kwa jina lake na jina la watu wake, ndipo udongo umwagwe. Bi Mkejina alijua yeye ataitwa nani. Ataitwa Mtoto wa Njaa, mara tatu.

Siku moja akaacha kula. Siwema akamsogezea bakuli la uji, mama akalisukuma kando.

"Siwema, mwanangu. Nenda ukanione nchi yangu. Mimi macho sina, na miguu sina. Wewe unavyo vyote."

"Nikuache na nani, mama?"

"Majirani wapo. Nenda, urudi upesi, unisimulie kabla sijaondoka."

Akafungua pindo la kanga, akatoa bangili ya fedha, ndogo, ya mkono wa mtoto, imechongwa alama za mistari iliyokunjwakunjwa. "Hii ndiyo niliyotoka nayo. Mpe yule atakayenionyesha nchi yangu. Nisikilize vizuri: si atakayekuonyesha wewe. Atakayenionyesha mimi."

Siwema akaitia bangili shingoni kwa uzi, akaenda. Njia nzima alijiuliza swali moja: nchi ya miezi minne, kwa siku saba, nitamwonea mama nini, niache nini?

Mlangoni akampata bawabu, mwanamke wa sauti nzito, akamweleza habari yake yote. Bawabu akasema, "Pole, na karibu," akaita waongozaji wa zamu. Wakaja watatu.

Wa kwanza Kiparu, mpanda milima, mwanamume mwenye maneno mengi na mashavu ya miguu makubwa makubwa. Wa pili Sikudhani, mwanamke mchuuzi wa chumvi, mwenye macho yasiyotulia. Wa tatu Ngwali, mchungaji wa ng'ombe, mtu wa kujikuna kwanza ndipo ajibu.

Kiparu akaichukua kamba. "Mgeni wangu, nchi kubwa huonwa kwa kilicho kikubwa. Twende Mvumo."

Wakapanda. Siku ya kwanza wakapanda, siku ya pili wakapanda, wakafika ukingo wa korongo. Siwema akasikia ngurumo iliyotetemesha mawe chini ya nyayo zake, lakini mbele hakuona kitu. Ukungu mweupe ulikuwa umelala juu ya korongo zima. Wakangoja. Jua likatua, fundo la pili likafunguliwa, ukungu ukabaki pale pale.

"Haya, turudi," Siwema akasema. "Siku zako zimekwisha."

Kiparu akapiga magoti, mtu mzima na mashavu yake yale ya miguu. "Mgeni wangu, usiondoke hujaona. Nipe fundo moja la mwenzangu Ngwali. Ukienda hivi utamwambia nini mama? Kwamba ulisikia kelele?"

Desturi ilisema fundo la mtu halichukuliwi bila mgeni kukubali. Siwema akafikiri. Akaona aibu kurudi na kelele tu. Akakubali. Hilo likumbukeni, maana yeye mwenyewe hakulisahau.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, upepo ukageuka, ukungu ukainuka. Siwema akaona maji. Mto mzima, mpana kuliko Kitope yote, ulikuwa ukijitupa korongoni kwa kishindo, na mvuke wake ukipanda juu na upinde wa mvua ndani yake. Siwema akalia kwa hasira. "Nchi isiyo na maji!" akapiga kelele, na hakuna aliyemsikia. "Miaka yote hii wanamwambia mama kwao hakuna maji!"

Kiparu akajifunga kamba kiunoni, akashuka kwenye miamba inayoteleza, akajaza kibuyu, akampa. "Mpelekee," akasema, naye amelowa chapachapa.

Siku ya nne kamba ikashikwa na Sikudhani. Yeye hakupanda popote. Alimpeleka Siwema soko la Njiapanda, akamtandikia mkeka kando ya njia, akamwambia, "Kaa hapa, mwenzangu. Wewe huwezi kuizunguka nchi hii. Iache ikupitie."

Na kweli ikampitia. Walipita watu wa chumvi, midomo imepauka. Walipita watu wa msituni na asali kwenye magome. Walipita wafugaji waliopaka nywele udongo mwekundu, na wanawake warefu waliosalimia kwa kugusana viwiko. Sikudhani alimweleza kila mmoja: huyu kwao wanalala mchana, hawa hawali kuku, wale harusi zao bibi harusi ndiye anayelipa mahari. Jua likatua.

Siku ya tano, alasiri, Sikudhani akamleta bibi mmoja mfinyanzi, akamwambia Siwema, "Toa hiyo bangili shingoni mwako." Bibi akaishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ile mistari.

"Hii alama ya kwetu," akasema. "Sisi ndio Wangaranga. Kila mtoto wa kike kwetu huvishwa hii akiota meno. Mwanangu, umeitoa wapi?"

"Ni ya mama yangu," Siwema akasema. Kisha akauliza, "Ngaranga ni wapi?"

"Siku mbili kutoka hapa. Kisha siku moja kutoka kwetu hadi mlangoni."

Siwema akahesabu kwa vidole. Jua lilikuwa linatua, fundo la tano linafunguliwa. Yamebaki mawili, na safari ilitaka matatu. Angekuwa na lile fundo alilompa Kiparu, angefika kwa watu wa mama yake. Roho ikamuuma hadi akaketi chini.

Kisha akamgeukia Sikudhani. "Bangili hii uliiona lini?"

Sikudhani macho yake yakahangaika. "Jana asubuhi, ulipoinama kuvua ndara."

"Jana! Ungeniambia jana, ningelala njiani na kufika!"

"Nilihisi tu, mwenzangu. Sikuwa na hakika. Ningekutuma siku mbili kwa kuhisi, ukute si wao? Nilimtafuta mtu wa huko soko zima, huyu bibi nimempata leo." Maneno mazuri. Lakini ni kweli pia kwamba angesema jana, mgeni angeondoka na fundo lake moja. Sababu ipi ilimzuia? Sikudhani mwenyewe sidhani kama alijua.

Siku ya sita ikawa ya Ngwali, na ndiyo aliyobaki nayo tu, maana fundo lake lingine lilikwisha kuliwa huko Mvumo. Siwema alikuwa hana hamu tena. Ngwali akajikuna, akauliza, "Mama yako alipotoka nchi hii, alikuwa na kimo gani?"

"Alikuwa na miaka sita."

"Yaani hapa." Ngwali akagusa kiuno chake. "Basi twende kwangu, si mbali, ni njia ya mlangoni."

Kwake palikuwa uani pa kawaida kabisa, paliposiribwa kwa samadi, na ghala la mtama limeinuliwa juu ya mawe manne. Siwema akatazama, hakuona cha kutazama. Ngwali akasema, "Dada, chuchumaa."

"Nini?"

"Chuchumaa. Mama yako hakuwahi kuona mlima wala soko. Mtoto wa miaka sita anaona mpaka hapa. Tembea hivyo hivyo."

Watoto wa uani wakacheka kumwona mama mzima anatambaa na gauni lake. Siwema naye aliona haya, lakini akatembea amechuchumaa, akaona miguu: nyayo za wanawake zenye nyufa, kwato za ndama, matumbo ya vyungu yenye masizi ya moto. Kisha mtoto mmoja wa kike akamshika mkono, akamvuta chini ya ghala.

Kule chini palikuwa na baridi, na vumbi laini, na kuku wakiparua mtama uliodondoka. Siwema akainua macho. Chini ya sakafu ya ghala, mahali ambapo mtu aliyesimama hapaoni kamwe, palikuwa pamejaa alama za viganja. Wanawake waliosiriba ghala lile, kila mmoja alikuwa amekandamiza kiganja chake kwenye udongo mbichi.

"Hiki cha mama," mtoto akasema, akionyesha. "Hiki cha bibi. Hiki cha bibi yake bibi."

"Maghala yote yako hivi?" Siwema akamuuliza Ngwali.

"Nchi nzima. Wakubwa wanasahau. Ni watoto tu wanaoingia humo."

Siku ya saba Siwema akatoka mlangoni na kibuyu chake, akaenda mbio hadi Kitope.

Alimkuta mama yake kalala, midomo imekauka. Akaanza na Mvumo. Akamweleza ngurumo, ukungu, mto mzima ukijitupa. Bi Mkejina akajiinua kwenye kiwiko. Siwema akamimina maji ya kibuyu kwenye kiganja cha mama, mama akanawa uso.

"Ya kwetu haya?"

"Ya kwenu, mama."

"Waite majirani."

Majirani wakaja, wakajaa. Siwema akasimulia tena, mbele ya wale wale waliosema vumbi tupu, na mama kaketi kitako, shingo imenyooka, uso bado unamng'aa kwa maji. "Mmesikia?" akawa anawauliza. "Mpana kuliko Kitope yote. Mmesikia?" Walipoondoka akaomba uji, akaumaliza. Akala na kesho yake. Kwa kula huko akaishi siku arobaini zaidi.

Siwema akamsimulia Njiapanda. Alipofika kwa yule bibi mfinyanzi, Bi Mkejina akamshika kinywa. "Sema tena. Sisi ni nani?"

"Wangaranga, mama."

"Mkejina wa Wangaranga," mama akasema, polepole, kama anayejaribu nguo mpya. "Mkejina wa Wangaranga. Wafundishe wazikaji walitamke vizuri."

Mwisho Siwema akamsimulia uani kwa Ngwali. Hakudhani ni jambo kubwa. Alisema tu, "Nikatambaa chini ya ghala, nikainua macho…"

"Viganja," Bi Mkejina akasema.

Siwema akamsogelea.

"Chini ya ghala kuna viganja," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ajuza tena. "Cha mama yangu kilikuwa na vidole vinne. Kidole kimoja alikatwa na mundu. Nilikuwa naweka mkono wangu ndani ya mkono wake, napeleka kidole changu pale ambapo chake hakipo." Akalia, akalia sana, miaka zaidi ya sitini hajawahi kuikumbuka sura ya mama yake ila akiwa maiti kando ya njia. Tangu siku hiyo alilala kaukunja mkono kama aliyeshikwa.

Siku ya arobaini ilipokaribia, Siwema akamuuliza, "Mama, bangili nimpe nani?"

"Si nilikwambia? Aliyenionyesha."

"Yupi, mama?"

"Wewe ndiye uliyekwenda," Bi Mkejina akasema, akageukia ukutani. Akafa alfajiri ile. Wakamwita kaburini mara tatu, Mkejina wa Wangaranga, na hakuna aliyekosea.

Siwema akarudi mlangoni, mwisho wake pale. Bawabu akampa uji. Waongozaji watatu wakaja, akawasimulia yote, hakuficha neno.

Kiparu akasema, "Bangili yangu. Bila maji yangu asingekula, bila kula asingeishi, hayo mengine angeyasikiaje? Nilikaribia kufa kwenye yale mawe."

Sikudhani akasema, "Maji yako ni ya kila mgeni. Nani mwingine aliiangalia bangili yenyewe? Mimi nilimtafutia jina lake. Maji yameanguka miaka yote na yeye akiitwa Mtoto wa Njaa. Na wewe ndiye uliyekula fundo la Ngwali, mgeni akaikosa Ngaranga."

"Na wewe uliyenyamaza siku nzima?" Kiparu akasema.

Ngwali akajikuna. "Mimi nilikuwa na siku moja tu. Maji hakuwahi kuyaona, jina aliambiwa. Kwangu ndipo alipoona kwa macho yake mwenyewe yale ya utotoni."

"Ulimpeleka kwako kwa sababu ng'ombe wako alikuwa anakaribia kuzaa!" Sikudhani akasema.

"Hata hilo ni kweli," Ngwali akasema. "Alizaa jike."

Siwema akafungua mkono. Nawaona nyinyi huko nyuma mnanong'ona: aikate vipande vitatu. Haikatwi. Uwandani bangili ya mtoto hukatwa siku anapozikwa mtoto, na huyu hakuzikwa mtoto, alizikwa mzee mwenye jina. Mwingine anasema airudishe Ngaranga. Hawezi, mafundo yake yalikwisha. Na mgeni mwingine alikuwa amekwisha kufika, ameketi pale kando na kamba yake, anangoja kujua nani atamtangulia, aonyeshwe nini kwanza.

Siwema akiyatazama maji moyoni mwake, anamwona mama kanyoosha shingo. Akilisikia jina, anaona wazikaji. Akiviona viganja, anaona mkono uliokunjwa. Na lile fundo alilolitoa yeye mwenyewe kule Mvumo bado linamuuma.

Bangili ni moja, na bawabu anamaliza kukusanya vikombe vya uji. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu: lau Bi Mkejina angekuwa mama yenu, mngeiweka bangili ile mkononi mwa nani?